Nyumba Isiyo na Ngazi

Haya, punguzeni hiyo redio kidogo, jamani, maana nitakalosema linaihusu na redio. Mimi shule niliishia kujua kuandika jina langu na kusoma ubao wa bei, basi. Nikikosea jambo la kisomi, anayejua anirekebishe, lakini asinikatize.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwanamke mmoja, msusi. Asubuhi anatoa kiti chake barazani, wateja wanakaa, vichwa vinasukwa na umbea unasukwa. Alikuwa na maneno yule! Akiniona napita ananiita, "Babu, njoo nikusuke." Namwambia, "Mwanangu, utasuka nini, ngozi?" Kipara changu mnakijua. Wanacheka mpaka kitana kinaanguka.

Mumewe tulimwita Fundi, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa salamu na heshima zake. Nyumbani kwake uani alikuwa na mashine ya kukatia vyuma, ile inayolia mpaka meno yanaingia ganzi. Jioni utaisikia tu. Tukawa tunasema, huyu bwana ana bidii, hata nyumbani hapumziki.

Kumbe wenzangu, mashine ilikuwa haikati kitu. Fundi aliiwasha, akakifunga kitufe kwa waya ilie yenyewe, halafu akaingia ndani kumpiga mkewe. Kwa mkanda. Kwa mguu wa kiti. Siku moja kwa kifuniko cha sufuria. Mbavu zilipovunjika akampeleka hospitali mwenyewe, kamshika mkono kama bwana harusi, akamwambia daktari, "Ameanguka ngazini." Na msusi akaitikia, "Ndiyo, nimeanguka ngazini." Daktari ataijuaje nyumba ya watu? Ile nyumba imelala chini kama mkeka. Ngazi haina.

Sasa msusi alikuwa na kaka yake, tumbo moja, tukimwita Msomi. Huyu kazi yake ni kuchunguza akili za wagonjwa. Kwa nini mtu hajamaliza dawa anamwambia daktari nimemaliza? Kwa nini mtu kapigwa anasema nimeanguka? Saikolojia ya afya, ndivyo inavyoitwa, nimeikariri. Akishachunguza anaandika, maandishi yanatoka kwenye majarida ya wasomi. Wasomi wengine wakiandika ya kwao wanamtaja, kwamba fulani alisema hivi. Kila akitajwa anapata alama, na alama zikijaa ndiyo cheo. Mimi nikitajwa sana napiga chafya tu.

Si vibaya mtu kuipenda kazi yake. Lakini Msomi alikuwa anachungulia simu kama mtu anayechungulia kuku anayeatamia. Chakula kinapoa mezani, yeye, "Nimetajwa tena!" Mkewe siku moja akamjibu, "Hongera. Na mwanao naye amekutaja leo. Ameuliza baba anaishi wapi."

Nilikuwa nasema nini? Ehe, msusi. Siku moja akamwambia kaka yake ukweli. Akavua kitambaa, akamwonyesha kovu la kichwani, akamweleza na habari ya mashine. Halafu akasema neno moja ambalo hata mimi sitalisahau. "Nyumba yetu haina ngazi, kaka, lakini ngazini ndiko ninakoangukia kila siku."

Mtu mwingine angelia. Msomi akasema, "Naomba nikuandike. Jina sitaweka."

"Jina siyo kitu, kaka. Hayo ya mashine na ngazi usiyaweke. Akiyasikia ataniua. Mama anamalizia chumba pale kwake. Paa likipanda tu, nahama na mwanangu. Subiri nihame kwanza."

"Nitasubiri."

"Apa."

"Dada, mimi si kaka yako?"

Mmesikia hapo? Hakuapa.

Mwanzoni aliandika bila yale maneno. Wenye jarida wakamrudishia, wakasema maandishi yamepooza. Na Msomi alikuwa kakaa muda mrefu bila kutajwa, vijana aliowafundisha wanampita. Basi akayarudisha yote. Msusi, mke wa fundi wa kuchomelea, mashine inayolia, ngazi zisizokuwepo. Jina tu ndilo lililokosekana, kama mtu kaficha mbuzi chini ya kitanda, pembe ziko nje. Ilhali kule kwa mama yao ukuta umesimama, paa bado.

Maandishi yakashika moto. Nchi hii wanamtaja, nchi ile wanamtaja. Alama zikamiminika, Msomi akanunua suti. Mwisho mtangazaji wa redio akayasoma mchana kweupe, kwa ile sauti yao ya asali.

Na mchana huo huo redio ilikuwa inalia kwenye karakana ya Fundi. Alikuwepo mwenzake mmoja tuliyemwita Domo, kwa sababu lilikuwa halifungiki. Domo alishawahi kufunga madirisha nyumbani kwa Fundi. Aliposikia, akainua miwani ya kazi.

"Fundi! Si ulituambia shemeji kaanguka ngazini?"

"Ndiyo."

"Ngazi ipi, ndugu yangu? Kwako hata kizingiti hakuna!"

Wakaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Kumbe ile mashine ya nyumbani ni ya kukatia shemeji!"

Fundi naye akacheka. Domo mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alicheka nao, akanawa mikono, akachagua nondo, akaaga. "Narudi sasa hivi." Fundi alipokwisha kutokomea ndipo Domo akaona mzaha umeota meno, akanyakua mtaimbo, akamfuata mbio.

Mimi nilikuwa barazani. Fundi akapita na nondo yake, akanipa shikamoo, nikaitika marahaba. Msusi alikuwa na mteja kitini, kichwa nusu kimesukwa. Fundi akamwambia mteja, "Dada, tupishe." Akamkamata mkewe nywele, akamburuta ndani, akapiga komeo. Safari hii hakuwasha mashine.

Tulisikia yote. Nondo ya kwanza ilivunja mkono, mfupa ukalia kama kuni kavu. "Ulimwambia nani?" Anapiga. "Nakuuliza, ulimwambia nani?" Anapiga. Msusi analia, "Kaka! Nilimwambia kaka yangu!" Tukaupiga mlango mabega, wapi, mlango wa chuma, kautengeneza mwenyewe. Domo akafika anahema, kabeba mtaimbo, akauchomeka kwenye bawaba, tukaung'oa.

Damu ukutani. Damu kwenye kioo cha kusukia. Msusi kalala, mkono wake wa kulia umekunjika pasipo na kiungo, na Fundi kasimama juu yake, nondo iko hewani inatafuta kichwa. Domo akamrukia. Nondo ikampata mdomoni, meno yakamwagika sakafuni, lakini hakumwachia. Wakaanguka pamoja, mimi na uzee wangu nikamkalia Fundi miguuni. Watu wa mtaa wakaingia na mawe. Wakamponda mpaka jicho likaziba, na wangemmaliza kama polisi hawakufika. Sitawaficha, hata mimi nilitamani wammalize.

Hospitali wakamshona msusi, mkono ukatiwa vyuma. Msomi akaja na suti yake. Kabla hajafungua mdomo, simu ikalia, mwenzake anampongeza kwa sauti kubwa, "Bwana, umesikika redioni!" Mama yao akainyakua ile simu akampiga nayo usoni, kulia, kushoto, mpaka kioo kikapasuka na damu ikamtoka puani. "Nilizaa mtu, au nilizaa redio?"

Kortini Fundi akawa mpole kama maji ya mtungini. "Mheshimiwa, shetani alinipitia siku hiyo moja. Sijawahi kumgusa kabla. Hata vyeti vya hospitali vinasema alikuwa anaanguka, kasema mwenyewe." Na kweli, vyeti ndivyo vilivyosema. Angefungwa miezi, kisha angerudi kummalizia.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeambiwa ukweli tangu zamani. Lakini akisimama kortini, wenye kazi yake watajua kwamba alimchunguza dada yake wa damu, akajua anapigwa, akakaa kimya. Sheria zao zinakataza. Jina lote lingekwenda na maji.

Msusi akamwambia, "Kaka, njoo useme."

"Nipe muda kidogo nifikirie. Kazi yangu—"

"Na mimi nilikuomba muda, kaka."

Alikuja. Kavaa shati tu. Hakimu akamuuliza, "Ulijua kwamba dada yako anapigwa?"

"Nilijua, mheshimiwa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Ulimwambia nani? Polisi? Mama yako? Majirani?"

"Sikumwambia mtu."

"Sasa ulifanya nini?"

Msomi akatazama vidole vyake. "Niliandika."

Hakimu akainamisha kichwa, naye akaandika.

Fundi alikula miaka mingi, na bado anaila. Maandishi yakaondolewa, Msomi akaondolewa kazini. Siku ile ya korti, pale nje, alimfuata dada yake. Msusi akamtazama, akasema, "Umesema, asante. Lakini kwangu usije mpaka nikuite."

Mpaka leo hajamwita. Mkono haukunji vidole, kusuka ndiyo basi tena. Anaishi kwa mama yake na mwanawe, na analala usingizi.

MAFUNZO

Wanangu, tamaa ya sifa ni ulevi, ila haunuki mdomoni. Maumivu ya mtu ni ya mwenyewe. Akikuomba usiyatembeze, usiyatembeze, hata kama dunia nzima itakupigia makofi. Kuficha jina siyo kumficha mtu. Na nyie mnaocheka karakanani, Domo alilipa mzaha wake kwa meno, na yeye ndiye aliyekuwa na utu. Nanyi mnaowapiga wake zenu, sina mafunzo yenu, yenu ni jela.

Msomi, asiye msomi, wote nawaambia. Siku mtu akikunong'oneza kwamba anapigwa, vaa viatu uende ukamtoe. Kalamu itakusubiri.