Kigogo Chenye Pengo

Erlinda alikuwa akikanda unga wa mikate ya tortilla, ngano imemganda hadi kwenye viwiko, binti yake Yvette alipochungulia mlangoni.

"Mama, pikapu imekaa tena."

"Wapi?"

"Nyuma kushoto, kama jana. Na baba anatukana."

Erlinda hakuacha kukanda. Hii ilikuwa jioni ya tisa. Mumewe, Onofre, alikuwa ameng'oa springi zote za ile pikapu na kuweka mifuko minne ya hewa, ili akibonyeza kidude ilale mpaka tumbo liguse chini, akibonyeza tena inyanyuke. Kulala ililala vizuri. Kusimama sawa ndiko kulikoishinda. Kila jua lilipozama kona moja ilishuka inchi mbili, polepole, kama mtu mzima amepanda akaketi ukingoni. Kompresa, ile pampu ya hewa, iliguruma kuinyanyua, ikashindwa. Kisha ikaja harufu ya tope la mfereji, na ya nta ya mshumaa uliozimwa sasa hivi.

Alinawa akatoka nje.

"Nimepaka povu la sabuni kila kiungo, hakuna panapovuja," Onofre alisema bila kumtazama. "Nimebadilisha mfuko. Nimehamisha sensa ya kupima kimo ya kulia nikaileta kushoto. Bado! Sasa nibadilishe nini, mke?"

"Labda imekuchoka, kama mimi."

"Cheka tu. Ijumaa Kuu magari ya bonde zima yatapita barabarani kujionyesha, na langu linachechemea kama kuku aliyepigwa jiwe."

Barazani alikuwa ameketi baba mkwe, mzee Eusebio, ambaye masikio yalikuwa yameziba zamani lakini macho bado yanaona. "Mwambieni huyo ashuke!" alipayuka. "Anachafua rangi kwa viatu vyake vya tope."

"Nani, Tata?" Yvette alimuuliza babu yake.

"Nani nini?" mzee alisema, akarudi kusinzia.

Yvette alicheka. Erlinda hakucheka. Yeye alikuwa akitazama vigogo vinne vya mti vilivyowekwa chini ya gari.

Ni yeye aliyeuleta ule mti. Mwezi wa tatu, siku ya kusafisha mfereji, kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu mmoja na sepetu lake, na kwa kuwa Onofre alikuwa kazini, alikwenda yeye. Ndani ya tope alikuta boriti ya mwerezi, ngumu, bado inanukia. Wenzake walisema iachwe ukingoni, huenda ina mwenyewe. Lakini Erlinda hakuwahi kuacha ubao mzuri uoze, na tayari alikuwa amemwambia mumewe asiingie chini ya gari lile bila vigogo vya kulizuia. Akaikata mwenyewe vipande vinne vya inchi sita, kimoja kwa kila kona, gari lipimwe usawa likiwa juu yavyo na lisije likamlalia mtu. Kijipande kilichobaki alikisukumia chini ya mguu mfupi wa meza ya jikoni, iliyokuwa ikiyumba tangu mwaka wa harusi yao.

Kigogo kimoja kilikuwa na pengo la mraba, lililochongwa kwa patasi. Nguzo ya ua, alijiambia, akaendelea kukata.

Kigogo hicho ndicho kilichokaa nyuma kushoto.

Kesho yake, Onofre akiwa kazini, alikitoa akakipeleka mbele kulia, na cha huko akakileta nyuma. Hakumwambia mtu. Alitaka kuona tu.

Jioni alikuwa anaepua maharage kwenye jiko la nje, chungu kizito cha chuma mikononi, aliposikia spana ikigonga chuma. Onofre alikuwa amefika na kuingia chini ya gari moja kwa moja, hata kuvua koti hakuvua, miguu tu ndiyo ilionekana.

"Toka huko," Erlinda alisema.

"Dakika mbili."

"Onofre, toka."

"Nimesema dakika mbili, mwanamke!"

Harufu ya tope ilimfikia kabla hajajibu, nzito kuliko siku zote, na kompresa ikanyamaza katikati ya ngurumo yake, na kona ya mbele kulia, ile ambayo haikuwahi kusumbua hata siku moja, ikaanza kushuka huku hewa ikitoka kwa mluzi mwembamba kama pumzi ya mtu anayejitua mzigo, ikashuka mpaka chesi ya gari ikagusa kigogo, na kigogo, bila mkono wa mtu, kikaanza kujivuta kwenye changarawe, kidogo, kidogo tena, kikitoka chini ya chuma huku kikiacha mchirizi wa maji mahali ambapo mvua haikunyesha kwa mwezi mzima, na Erlinda akakimbia na chungu chake na kukisukumia chini ya chesi wakati ule ule kigogo kilipochomoka, maharage yakaruka, chuma kikalia juu ya chuma, na pikapu ikasimama kiganja kimoja kutoka kifua cha mumewe.

Alimvuta kwa miguu. Hakuacha mpaka alipokuwa nje.

"Maharage yangu," Erlinda alisema, akaketi chini.

Yvette alitumwa mbio kwa Bi Tránsito, mganga wa upande wa pili wa mfereji. Bi Tránsito hakuja usiku ule. Alikuja kesho yake adhuhuri, na yai na tawi la mmea wa ruda, vya kuagulia, mfukoni, na hakuvitoa. Alikiokota kile kigogo, akaingiza kidole kwenye pengo.

"Nani alikata?"

"Mimi."

"Pengo hili uliliona?"

Erlinda alitazama mikono yake. "Niliona."

"Hapa palishikana na mti mwingine. Mtu alifia barabarani, ndugu zake wakamsimikia msalaba pale pale, mafuriko yakauzoa. Hapo ndipo marehemu alipokuwa akisimama, binti. Wewe umemkata miguu. Hana pa kusimama, basi ametafuta pa kukaa."

"Sikujua ni msalaba," Erlinda alisema kwa hasira. "Nilitaka asife mume wangu. Ningefanya nini, nimuache alale chini ya chuma kitupu?"

"Hakuna anayekulaumu. Mrudishie chake chote."

Onofre alivitoboa vigogo vinne, akavipitisha nondo, akapigilia mti mpya wa kukingama kwenye pengo, ukawa msalaba tena. Jioni waliupakia wakapanda nao hadi kwenye kona ya barabara iliyo juu ya mfereji, aliyowaonyesha Bi Tránsito, gari likiwa limeinama nyuma njia nzima. Pale palikuwa na rundo la mawe na maua ya plastiki yaliyopauka. Wakausimika. Bi Tránsito aliomba kwa sauti ya chini. Nyuma yao hewa ilipiga mluzi, na pikapu ikanyanyuka yenyewe.

Onofre alipima kwa tepu, kona moja baada ya nyingine. Zote sawa. Alifuta macho kwa mkono wenye grisi.

"Vyote vimo?" Bi Tránsito aliuliza.

"Vyote vinne," alijibu Erlinda.

Nyumbani alipakua maharage mapya na pilipili nyekundu, akawahesabu kama kawaida yake kabla ya kuketi: Onofre, Yvette, Tata Eusebio, Bi Tránsito, na yeye. Watano. Wote wapo, wazima, na nje gari limesimama sawa.

Kisha meza ikashuka polepole upande wake, kama mtu ameegemeza viwiko. Bakuli la maharage likateleza kuelekea pembeni. Chini ya mguu mfupi, kwenye sakafu aliyoipiga deki asubuhi, maji yalikuwa yakitiririka kutoka kile kijipande cha mwerezi.

Tata Eusebio alivuta kiti chake kando, akipisha.

Erlinda aliinuka akaleta sahani ya sita.