Karatasi ya Mwanaidi

Kila asubuhi Bhavna alimsaidia mama yake kupanga bidhaa mbele ya duka lao mjini Shinyanga, kisha akampitia rafiki yake Mwanaidi waende shule. Mwaka huo wa 1997 walikuwa darasa la saba, na walikalia dawati moja.

Juma hilo Mwalimu Bhoke aliligeuza darasa kuwa mkutano wa mataifa kuhusu hali ya hewa. Bhavna aliongoza nchi tajiri yenye viwanda vingi, na Mwanaidi nchi ya wakulima na wafugaji iliyopigwa na ukame. Kila kundi lilipewa karatasi ya siri yenye kiwango cha mwisho ambacho lingeweza kukubali. Kiongozi atakayepata makubaliano mazuri zaidi angezungumza mbele ya wazazi siku ya Ijumaa.

Wakati wa mapumziko Bhavna alirudi darasani peke yake. Karatasi ya Mwanaidi ilichungulia kutoka kwenye daftari lake. Akaivuta, akaisoma: nchi ile ingekubali hata kama moshi wa viwanda ungepunguzwa kwa asilimia tano tu.

Mkutano uliporejea, Mwanaidi aliomba asilimia ishirini na tano. Alisimulia jinsi ng'ombe wa babu yake kule Maganzo walivyokufa kwa kukosa maji. Bhavna hakumjibu hoja hata moja. Alirudia tu kwamba ni tano, mpaka mwenzake akachoka, akatia sahihi. Darasa likapiga makofi.

Mwanaidi akampa mkono. "Umeshinda kwa haki," alisema.

Bhavna hakuweza kumtazama usoni. Njiani kurudi nyumbani alijifanya anaumwa kichwa ili asizungumze.

Kesho yake alisimama mbele ya darasa. "Mwalimu, niliisoma karatasi ya Mwanaidi. Sikushinda."

Mwanaidi alisogeza daftari lake upande wa pili wa dawati, na hilo lilimwuma Bhavna kuliko fimbo.

Mwalimu Bhoke alifuta makubaliano ubaoni, akagawa karatasi mpya. Safari hii walibishana mpaka kengele ikalia, wakakubaliana asilimia kumi na mbili, tena nchi tajiri isaidie kuchimba malambo ya maji. Ijumaa, Mwanaidi ndiye aliyezungumza mbele ya wazazi.

Baadaye mwalimu alimwita Bhavna kando. "Nchi iliyodanganywa leo, kesho haiji mkutanoni," alimwambia. "Rafiki naye ni hivyo hivyo. Umefanya vema kusema mwenyewe. Sasa usimharakishe mwenzako. Mwache akuone ukiwa mkweli siku baada ya siku, mpaka akuamini tena."