Fimbo Yenye Ncha Mpya

Juma lile Kavetsa aliamka kila asubuhi akiwa amenuna. Aliosha uso kwa nguvu kana kwamba maji ndiyo yaliyomkosea. Akapapasa ukuta mpaka akapata sweta, akapata begi, akapata na fimbo yake nyeupe nyuma ya mlango.

"Kunywa chai," mama yake, Brigid, akamwambia.

"Sitaki."

"Chai imekukosea nini? Anayetaka kusafiri ni Mwalimu Awuor, si hii chai."

Kavetsa alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Aliugua akiwa mdogo, macho yakaacha kuona. Mwalimu Awuor ndiye aliyemfundisha kutembea kwa fimbo katika mitaa ya Huruma, hapa Eldoret, ili asiwe mtu wa kushikwa mkono kila aendako. Sasa mwalimu huyo alikuwa ameomba kazi Kanada, katika kituo cha kufundisha watu wenye ulemavu. Kule walikuwa karibu kumkubali. Lilibaki jambo moja tu: walitaka kumwona akifundisha, moja kwa moja kwa simu, siku ya Alhamisi. Na mwanafunzi aliyechaguliwa kuonyeshwa alikuwa Kavetsa.

"Aende akafundishe Wazungu!" Kavetsa akafoka. "Kwani sisi wasioona wa Huruma tumeisha? Natamani wamkatae!"

"Chunga huo mdomo."

Kavetsa akatoka. Alipofika nje ya ploti yao ya nyumba za kupanga, alifanya kile alichokifanya kila siku: aliikunja fimbo, akaisukuma ndani ya begi.

Sababu ya hayo ilikuwa Wakoli, mvulana wa ploti ya pili. Siku ya kwanza alipomwona na fimbo, alipaza sauti mtaa mzima ukasikia: "Kavetsa! Ng'ombe wako wamepotelea wapi? Uliza pale kwa posho, labda wameingia kula unga!" Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo fimbo haikugusa ardhi.

Badala yake Kavetsa alitumia masikio. Mafundi wa kuchomelea mageti walikuwa upande wa kushoto, chuma kikilia. Mbele yao, kwenye kona, mashine ya posho ya Mzee Bethwel ilinguruma ikisaga mahindi. Ukiipita mashine kidogo, unasikia redio ya kinyozi ikitoka ng'ambo ya mtaro. Ukiielekea ile redio sawasawa, mguu wako unakanyaga kidaraja cha simiti, na unavuka. Kavetsa alivuka hivyo kila siku. Watu walimsifu.

"Unafanya mazoezi ya fimbo?" Mwalimu Awuor alikuwa akimuuliza.

"Kila siku, Mwalimu."

Mwalimu alipokuwapo, Kavetsa aliipeperusha fimbo hewani, juu kidogo ya ardhi. Mwalimu alikuwa na wanafunzi wengine kutoka Kiplombe mpaka Plateau, na kumwona mtoto akitembea wima bila kuyumba kulimfurahisha. Alisema, "Vizuri sana," kisha akaenda zake.

Alhamisi ikafika. Mama Kavetsa alipewa simu aishike, iwaonyeshe watu wa Kanada kila kitu. Kavetsa alisimama mbele ya ploti. Alitaka kutembea vizuri kuliko siku zote, ili mwalimu ajue ni nani anayemwacha.

"Twende," mwalimu akasema.

Kavetsa akaenda. Akawapita mafundi. Akaifikia mashine ya posho, akaipita. Akageuza sikio kuitafuta redio ya kinyozi.

Hapo stima ikapotea, umeme ukakatika mtaa mzima.

Chuma kikanyamaza. Redio ikakatika katikati ya neno. Mashine ya Bethwel ikatoa mlio wa kuchoka, ikazama kimya. Watu wakaguna, "Aaah! Tena!" kila mmoja kutoka upande wake. Kavetsa akasimama. Ilikuwa kama mtu ameukunja mtaa wote na kuutia mfukoni.

"Endelea," mwalimu akasema nyuma yake. "Tumia fimbo."

Kavetsa akapiga kulia, akapiga kushoto, hajui anatafuta nini. Akainua mguu. Mguu haukupata kitu. Akaingia mtaroni mzima mzima, maji machafu yakamfika magotini.

Watu wakajaa mara moja. Bethwel, mweupe kwa unga, akamvuta juu. Mama yake akafika anahema.

"Umefanya makusudi! Nilikusikia kwa masikio yangu ukisema wamkatae! Mtoto gani wewe?"

Kavetsa alitambua upesi kwamba lile kosa la kusingiziwa lilikuwa na nafuu. Afadhali aitwe mbaya kuliko aitwe asiyejua.

"Ndiyo," akasema. "Ni makusudi."

Watu wakasonya. Mwalimu Awuor aliinama, akaitoa fimbo mtaroni, akaifuta kwa leso yake. Kisha akauchukua mkono wa Kavetsa, akauweka kwenye ncha, kile kipande cha plastiki kinachogusa chini.

"Shika hapo. Fimbo hii nilikupa muhula wa kwanza. Ncha ikiburutwa chini kila siku, huisha kama soli ya kiatu. Hii bado ni mviringo kama ilivyotoka dukani." Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini ilikuwa kali. "Hukufanya makusudi. Hujui kuitumia. Nidanganye tena, nasikia."

Kavetsa akalipuka.

"Sijui! Ndiyo, sijui! Nilikuwa nafuata mashine! Wakoli ananiita mchungaji wa ng'ombe! Na wewe hukuangalia! Ulikuwa unasema tu vizuri, vizuri, halafu unaenda Kiplombe, na sasa unaenda Kanada!"

"Kavetsa!" mama yake akamkemea.

"Mwache, Mama," mwalimu akasema. "Hapo amesema kweli."

Simu ilikuwa bado hewani. Bethwel akamsogelea mwalimu, akanong'ona kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Waambie ni stima. Wale watajuaje?"

Mwalimu akaichukua simu. Akazungumza kwa Kiingereza, na Kavetsa alielewa kila neno. Hakuitaja stima. Aliwaambia mwanafunzi wake hakufanya mazoezi, na yeye mwenyewe hakumkagua. Kisha wakampa siku nyingine, mwisho wa mwezi.

Kazi ikaanza, na haikuwa kazi ya kubembelezana. Kila asubuhi kabla mafundi hawajafungua, wawili hao walikuwa barabarani.

"Mguu wa kushoto ukienda mbele, ncha iwe kulia. Rudia."

"Nimechoka."

"Hata mimi. Rudia."

Siku moja Wakoli akawakuta. "Mchungaji! Ng'ombe bado?"

"Nimempata mmoja," Kavetsa akasema bila kusimama. "Ndiye huyo anaongea."

Mara hii watu walimcheka Wakoli.

Siku ile waliyopewa ya kuonyesha tena ilipofika, stima ilikuwapo. Lakini mwalimu aliwaomba Bethwel, mafundi na kinyozi wazime kila kitu. Bethwel akalalamika kwamba wateja wanangoja, kisha akazima. Mtaa ukawa kimya. Kavetsa akatembea, fimbo ikisema ko, ko, ko kwenye ardhi ngumu. Baada ya kona, ko ikapotea: ncha ilikuwa imening'inia ukingoni mwa mtaro. Akasimama. Akafuata ukingo polepole mpaka ncha ikagonga simiti. Akavuka. Mama yake akapiga vigelegele akasahau simu mkononi, na wale wa Kanada wakabaki kutazama mawingu ya Eldoret.

Mwalimu alikubaliwa. Siku ya kuaga alimkuta Kavetsa ameketi mlangoni, amenuna.

"Bado una hasira?"

"Sana."

"Una haki. Sitakudanganya kwamba naenda kwa ajili yako. Naenda kwa ajili ya kazi na ya watu wa nyumbani kwetu. Lakini sikia, Kavetsa. Hukuangushwa na stima, wala na Wakoli. Uliangushwa na uongo wetu wawili: wewe ulisema unaweza, mimi nikakubali bila kuangalia. Ukificha usichokijua, hakuna mwalimu atakayekusaidia, awe hapa au Kanada. Sema hujui, kisha ufanye kazi mpaka ujue."

Akamwekea kifuko kidogo mkononi. "Ni ncha za akiba. Nikirudi, nisikute hata moja mpya."

Kavetsa hakusema asante. Aliinuka, akaifungua fimbo, akaenda nayo barabarani akiigonga chini kwa hasira, ko! ko! ko!, mpaka Wakoli mwenyewe akasogea kando kumpisha. Na kwa kila hatua, ncha ikazidi kulika.