Miwani ya Thongpiny

Semei alichora ramani kwa chaki kwenye mlango wa friji mbovu. Chumba cha nyuma cha duka la simu la Edrine, pale sokoni Custom, kilikuwa na joto la tanuri. Geti. Ukumbi. Stoo. Mlango wa nyuma, gari lingesimama hapo.

"Kesho makawaja, wale wazungu wafadhili, wanakuja kuangalia somo," alisema. "Wote wanavaa hiyo miwani ya kompyuta. Mtu akivaa haoni hapa, anaona ndani ya moyo. Mimi na Edrine tunatoa maboksi."

Edrine alicheka. Magdaline hakucheka. Alikuwa Mkenya, mwalimu wa sayansi wa darasa la saba, shule ya mabati kule mtaa wa Sherikat. Miwani ile ililetwa kwa jina la darasa lake, ikafungiwa kwenye stoo ya shirika la msaada, mtaa wa Thongpiny. Wageni wakija, watoto wanabebwa kwa gari, wanavalishwa, wanapigwa picha, wanavuliwa. Aliomba ipelekwe shuleni. Akaambiwa kule Sherikat itaibiwa.

Basi ataiiba yeye. Nusu ya stoo iende shuleni, nusu ya Semei.

"Na iliyo vichwani mwa watoto haiguswi," alimwambia Semei.

"Mwalimu, mimi pia iko na watoto." Semei akaapa kwa jina la mama yake.

Kesho yake, saa nne asubuhi. Ukumbi ulijaa wageni na watoto. Mading, mlinzi wa stoo, alijidai hataki kuvaa miwani. Magdaline akambembeleza, akamvalisha mwenyewe. Akagusa tableti yake, na ukumbi mzima ukaingia ndani ya moyo. Mading alibaki mdomo wazi. Abuk, binti wa muuza samaki, alinyoosha mkono kushika vali ambayo haikuwepo.

Saa nne na robo. Gari lilitakiwa liwe limeondoka. Magdaline akanyata hadi stoo.

Gari lilikuwa tupu. Edrine amekalia boksi, amevaa miwani, anawasha moja, anavua, anawasha nyingine. Custom hakuna anayebeba kitu bila kukijaribu. Ukibeba kibovu utachekwa mpaka uhame soko. Edrine alikuwa mwizi, lakini kwanza alikuwa mtu wa Custom.

"Imekufa," alisema, akaitupa. "Na hii. Betri zimevimba. Hawajachaji hata siku moja."

Hasira ikampanda Magdaline mpaka masikio yakawaka. Waliogopa itaibiwa, wakaiacha ioze.

Semei akatoa bastola. "Nzima iko kwa vichwa vya watoto. Khalas, tunachukua hizo."

"Uliapa."

"Niliapa mbele ya mwizi mwenzangu, mwalimu."

Akampita, akaingia ukumbini, akapapasa mkanda nyuma ya kichwa cha Abuk. Mtoto akacheka, akidhani rafiki anamtania.

Magdaline alimfuata, tableti mkononi. Akizima, yeye ni wa jela, na darasa lake halitaona tena ile miwani. Akiacha, mwanamume mwenye bastola anawavua watoto wake mmoja mmoja.

Akazima.

Watu wakavua miwani, wakapepesa macho. Mading aliona bastola karibu na sikio la mtoto. Hakuuliza. Rungu lake likavunja kiwiko cha Semei, risasi ikatoboa dari. Nje gari likanguruma: Edrine ameshika njia peke yake.

Semei alikuwa sakafuni, ameshika kiwiko. "Huyo mwalimu ndiye alitupatia mpango. Mwulizeni nani alimvalisha mlinzi."

Mading akageuka polepole. "Na mimi nilikuamini, mwalimu."

Magdaline alimpa mikono, akafungwa kwa waya wa umeme. Mkubwa wa shirika alikuwa tayari anawafokea watoto warudishe miwani kwenye maboksi, haraka, haraka, kama wao ndio walioiba.

Mlangoni Magdaline aliweka mguu, akakataa kusukumwa.

"Abuk. Damu ikitoka mapafuni inaingia wapi?"

Mtoto alikuwa analia. "Chumba cha juu. Upande wa kushoto."

"Sema kwa nguvu. Hawa hawajasikia."