Tope la Kijivu kwenye Tuta la Awuor

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, wanafunzi wa Darasa la Sita walimwagilia bustani ya shule. Shule yao ilikuwa upande wa Busisi, juu kidogo ya ziwa, na kila mwanafunzi alikuwa na tuta lake la mchicha. Awuor alichota maji kwa kopo lililotobolewa kwa msumari, akamwagilia tuta lake harakaharaka, kisha akaanza kazi yake ya pili ambayo hakuna mwalimu aliyempa. Kazi hiyo ilikuwa kulikodolea macho tuta la Nusrat.

Macho yale yangekuwa na moto, mchicha wa Nusrat ungekuwa umeungua zamani. Majani yake yalikuwa mapana kama viganja vya mtu mzima. Ya Awuor yalikuwa madogo na yamesinyaa kidogo.

Lingekuwa tuta la mtu mwingine, Awuor angevumilia. Lakini Nusrat! Alihamia pale mwaka uliopita tu, akitokea Mirongo, katikati ya jiji, baba yake alipokuja kufanya biashara ya dagaa. Siku ya kwanza alishika jembe kwa woga kama aliyeshika nyoka, na Awuor mwenyewe, mtoto wa wakulima, ndiye aliyemwonyesha namna ya kupanda kwa mstari. Sasa Nusrat alikuwa ameshinda shindano la tuta bora mara mbili mfululizo. Mboga ya mshindi ilipikwa kwa chakula cha mchana cha Darasa la Kwanza, na jina lake likatajwa mstarini na kupigiwa makofi. Kila makofi yalipolia, mikono ya Awuor ilibaki mapajani. Ulikuwa wivu, na aliujua kwa jina.

Jumamosi moja alimwona Nusrat akipanda njia ya bondeni, amebeba ndoo yenye mfuniko. Alikwenda moja kwa moja bustanini. Awuor angeweza kumuuliza, "Umebeba nini?" Hakuuliza. Aliona kwamba kumuuliza ni kukubali kuwa ameshindwa.

Bondeni kulikuwa na jambo jipya. Kampuni moja ilikuwa imesimamisha mtambo mrefu wa kutafuta mafuta na gesi ardhini, na mchana kutwa ulinguruma. Kando yake kulikuwa na shimo kubwa la tope la kijivu, laini kama uji, lililotoka ardhini wakati wa kuchimba. Kamba ya njano iliyolizunguka ilikuwa imeanguka upande mmoja. Kibao kilisema: HATARI, USISOGEE.

Awuor alikisoma vizuri kabisa. Kisha akajiambia, "Hawa wanaficha mali yao."

Msimcheke. Bibi yake kule Rorya, kama wazee wengi wa kando ya ziwa, alikuwa na desturi ya kuchota tope jeusi linaloachwa na maji yanapopungua. Aliliweka kwenye mboga, na mboga zilinawiri. Basi kwa Awuor tope lilikuwa mbolea. Na hili la kijivu limetoka chini kabisa ya ardhi, litakuwa bora zaidi! Hiyo ndiyo siri ya Nusrat, aliwaza. Alichota ndoo mbili na kumwaga zote kwenye tuta lake. Jingine lilirukia majani. Lilinuka kidogo kama mafuta ya taa, lakini alijiambia, "Mbolea gani hainuki?"

Siku zilipita. Majani ya juu yaling'aa ajabu, kama yamepakwa mafuta. Ya chini yalianza kuungua kingo. Hayo aliyachuma kila asubuhi kabla wenzake hawajafika, akayatupa nyuma ya choo. Kila alipoyatupa aligeuka kutazama kama kuna anayemwona, lakini hakuacha.

Alhamisi, Mwalimu Josephat alipita bustanini na daftari lake. Alisimama kwenye tuta la Awuor. "Majani yanang'aa! Mboga ya kesho itatoka hapa."

Awuor aliruka kwa furaha. Halafu akageuka amwone Nusrat akinuna, maana nusu ya utamu ilikuwa hapo. Nusrat hakununa.

"Hongera, Awuor," alisema. "Umetumia nini?"

"Kilekile unachotumia wewe. Usijifanye hujui."

"Na wewe unapata chenga za dagaa? Nilidhani ni baba yangu tu aliye nazo! Zile zinazobaki chini ya kichanja cha kuanikia. Nachanganya na majivu, naziacha zioze, ndiyo nazileta."

Awuor alilitazama tuta lake. "Si... si tope la bondeni?"

"La mtambo? Thubutu! Baba alinikataza hata kupita karibu. Kichanja chetu kiko njia hiyohiyo ya bondeni, lakini huku kwenye kona, kabla ya kufika mtamboni. Anasema tope lile lina mafuta na dawa za kuchimbia. Kwa nini?"

"Nauliza tu," alisema Awuor.

Usiku huo ugali ulimshinda. Mdogo wake, Odongo, alikuwa Darasa la Kwanza. "Dada, kesho tunakula mboga yako!" alisema mdomo ukiwa umejaa. "Nimewaambia wote ni ya dada yangu." Awuor alijiambia kwamba maji ya kuoshea yataondoa kila kitu. Kisha akajiambia kwamba atasema asubuhi. Asubuhi ilifika, na mstarini jina lake likatajwa. Makofi yalilia kwa ajili yake kwa mara ya kwanza, naye akanyamaza.

Saa sita alitumwa jikoni kupeleka kuni. Mpishi alikuwa ameutumbukiza mchicha kwenye beseni. Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba wenye rangirangi, kama ule unaoelea kwenye dimbwi chini ya pikipiki inayovuja mafuta. Mpishi alikuwa amegeuka kukoleza moto. Sufuria ilikuwa inachemka. Dirishani, Odongo alikuwa amesimama wa kwanza kwenye foleni, sahani kichwani.

"Msipike!" Awuor alipiga kelele. Kuni zilimwanguka. "Mama mpishi, usipike! Nimeweka tope la mtambo!"

Mwalimu Josephat alikuja mbio. Awuor alieleza yote, hata habari ya kibao na ya majani aliyoyatupa. Wenzake walikuwa wamejaa mlangoni wakisikiliza. Nusrat pia alikuwepo. Awuor alitamani ardhi imfunike, lakini hakuacha neno hata moja.

Mwalimu hakumchapa. Alifunika beseni, akaagiza mboga ichumwe kwenye tuta la Nusrat, kisha akampigia simu afisa kilimo wa kata, Bi. Wilhelmina.

"Shikamoo, mama," Awuor alisema kwa sauti ndogo afisa huyo alipofika.

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe."

Bi. Wilhelmina alichukua udongo kidogo kwa ajili ya kuupima. Aliwaambia wanafunzi kwamba tope la ziwa na tope la mtambo si ndugu. "Hili linaweza kuwa na chumvi nyingi, mafuta, na madini yanayodhuru. Kuosha jani hakutoshi, maana mmea hunywa kwa mizizi. Ungeila mboga hiyo usione kitu leo. Madhara mengine huja polepole."

Baada ya wiki mbili majibu yalirudi: udongo ule haukufaa kwa chakula. Ulizolewa ukatiwa kwenye magunia na kuondolewa, na tuta likaachwa bila kupandwa. Serikali ya kijiji iliiita kampuni mkutanoni, kwa kuwa shimo lile lilipakana na mashamba na mvua zilikaribia. Kampuni iliagizwa kuliondoa tope, kulizungushia eneo uzio wa kweli, na kupima visima vya jirani.

Siku uzio ulipokamilika, Mwalimu Josephat aliwakusanya bustanini.

"Wenye mtambo wana makosa yao, na wameambiwa," alisema. "Lakini Awuor, wewe ulisoma kibao. Ulinusa mafuta. Uliona majani yakiungua. Mara tatu uliambiwa ukweli, na mara tatu wivu ulikushinda. Swali moja tu kwa mwenzako lingetosha. Na ninyi wote, chakula mnachowalisha wengine ni dhamana. Usichokijua, usikiweke shambani. Ukikosea, sema kabla sahani haijajaa. Hilo la mwisho Awuor alilifanya mbele yenu, na ndiyo sababu Darasa la Kwanza wako salama."

Hakuna aliyepiga makofi. Awuor aliinamisha kichwa, machozi yakimtoka.

Nusrat alimvuta mkono. Alichora mstari kwa kidole cha mguu katikati ya tuta lake. "Upande huu wako. Ila uniachie huu."

Walipanda siku ileile. Wiki mbili baadaye mchicha wa Nusrat ulikuwa tayari umeupita wa Awuor kwa vidole viwili. Awuor aliutazama. Wivu uleule ulimrudia. Akageuka.

"Nusrat," alisema, "hebu niambie, wewe unamwagilia saa ngapi?"