Kazi ya Mjomba Mugendi

Kila jioni Ruguru alipotoka shuleni Kianjokoma, alimpelekea mjomba wake Mugendi chai "kazini". Kazini kwenyewe kulikuwa juu ya kitanda, katika chumba cha nyuma. Huko mjomba alicheza poka, mchezo wa karata, kwenye simu na watu asiowajua. Tena alivaa miwani nyeusi ili wasimsome usoni, ingawa aliyemwona ni Ruguru tu na kuku.

"Mama akiuliza, sema niko kwa mkutano," alimwambia. "Hii ni kazi kama kazi nyingine. Kuna watu wanaishi kwa kazi hii."

Ruguru alimpenda sana mjomba wake, basi akausema uongo huo kila siku. Mama yake, Wambeti, akaamini kwamba ndugu yake ameajiriwa na kampuni ya mtandaoni.

Jumapili moja mama alisimama kanisani kutoa shukrani. "Bwana asifiwe! Ndugu yangu amepata kazi. Kesho nauza mbuzi wa Ruguru tumnunulie kompyuta."

Ruguru alishtuka. Mbuzi huyo alimlea mwenyewe, na ndiye aliyetegemewa kumpatia pesa za sare za shule mwaka ujao.

Mchungaji alifurahi mno. "Mugendi, simama! Vijana wengi hapa hawana kazi. Waambie vile wataingia kwa hiyo kampuni."

Mugendi alisimama, jasho likimtoka. "Ni kazi ya kuangalia, Pasta. Na kungoja."

"Kungoja nini?"

"Kungoja vile itakuja."

Watu walitazamana. Mchungaji akamgeukia Ruguru. "Wewe ndiye humpelekea chai. Huwa anafanya nini?"

Ruguru alimwonea mjomba huruma, lakini alimwonea mbuzi wake huruma zaidi. Tena kudanganya kanisani kulimtia hofu. "Anacheza karata kwa simu, Pasta. Mimi nilikuwa nikimficha. Naomba msamaha."

"Na anashinda?"

"Akishinda huimba. Mwezi huu ameimba mara moja."

Kanisa zima liliangua kicheko. Mugendi akajitetea, "Lakini kuna mtu anaishi kwa poka! Nimemwona kwa video. Hata nimelipia masomo anayofundisha!"

"Umemlipa?" akauliza Wambeti.

"Eee, mara tatu."

"Basi huyo haishi kwa poka, Mugendi. Anaishi kwa pesa zako!"

Mugendi akaketi.

Mbuzi hakuuzwa. Jumatatu alfajiri Mugendi alibeba kikapu, akaenda kuchuma majani ya chai katika shamba la dada yake. Siku hiyo karani wa kituo cha kupokelea chai alimrudishia nusu ya majani, maana alikuwa amechuma vijiti na majani yaliyokomaa. Siku ya nne yalipokelewa yote, naye akarudi nyumbani hoi, akala sahani mbili za githeri, mahindi yaliyopikwa na maharagwe.

Ruguru hakuwa na raha. "Mama, nilimwaibisha Anko mbele ya watu."

"Kosa lako si kusema ukweli Jumapili," mama alijibu. "Kosa ni zile siku zote ulizomfunika ukidhani unamsaidia. Mtu akianguka shimoni, mwanangu, hafunikwi. Huvutwa."

"Na mimi nilikuwa mzito," alisema Mugendi, akisogeza sahani aongezewe.