Asiporudi Tumpigie Nani?

"Mlango wa gari ushike kwa mikono miwili," Ragna alimwambia mgeni kwenye kaunta ya ofisi ya watalii. "Upepo wa huku Iceland unaung'oa mzima mzima. Barabara iliyofungwa usipite. Andika kwenye fomu hii unakokwenda na saa ya kurudi."

Mgeni aliandika, akashukuru, akatoka. Nyuma yake kwenye foleni alikuwa amesimama Egill, mfuga kondoo, kofia mkononi.

Ragna moyo ulimlipuka. Juzi tu alimrudishia pete ya uchumba. Egill alikuwa amepanda mlimani bila kumuaga mtu, kikosi cha uokoaji cha kijiji kikamsaka kutwa nzima, naye akarudi anacheka: "Fomu ni za watalii. Mimi nimezaliwa hapa!" Kazaliwa hapa, kana kwamba theluji inauliza kwenu wapi!

"Umefuata nini?"

"Fomu."

"Pasipoti unayo?"

"Ragna, acha utani."

"Mgeni haniiti Ragna. Unakwenda wapi?"

"Nyuma ya mlima. Kondoo wangu watano wamebaki huko."

"Kurudi?"

"Saa tisa alasiri."

"Usiporudi tumpigie nani?"

"Wewe."

"Mimi ni nani yako?"

"Hapo jaza mwenyewe."

Ragna aliiacha nafasi ile wazi. "Nenda. Saa tisa na dakika moja nakiita kikosi."

Tangu saa saba upepo ulianza kutikisa madirisha. Ragna alihudumia wageni huku jicho liko kwenye saa. Alimkasirikia, alimpenda, na alijua akichelewa tena hataolewa na mtu wa kuzikwa na theluji. Saa nane na nusu simu ikalia. Ujumbe:

"Upepo umekuwa mkali. Nimewaona kondoo ng'ambo ya mto. Nimegeuza."

Ragna aliusoma mara tatu. Mwanamume huyu, ambaye hajawahi kumwachia mlima hata mwanakondoo, amegeuza!

Saa tisa kasoro dakika tano Egill aliingia, kalowa chapachapa, mikono mitupu.

"Umewaacha watano wote?" Ragna aliuliza.

"Wote. Kesho upepo ukitulia nitarudi. Nitajaza fomu nyingine."

"Baba yako angekuita mwoga."

"Baba yangu hakuwahi kusubiriwa na wewe."

Ragna alivuta ile fomu, akaandika neno moja, akamgeuzia asome: *Mchumba.*

"Na pete uje nayo," alisema, machozi yakimlengalenga. "Usinitolee sababu ya upepo."

Egill alichomoa pete mfukoni. Alikuwa nayo tangu asubuhi.